Kukuza mchoro si kubadili kipimo: vigezo katika usanifu kwa kompyuta

Mwezi uliopita kijana anayechomelea mageti upande wa Chikongola, hapa Mtwara, alinijia na klampu 14 za bomba ndani ya mfuko wa saruji. Aliniamkia, akazimwaga mezani, kisha akasema: "Mwalimu, hizi zimekataa."

Alikuwa amepata kazi ya kufunga bomba la chuma la inchi moja ukutani, kutoka kwenye simtanki la juu hadi jikoni na bafuni. Mchoro wa klampu alikuwa nao kwenye simu, ila ulikuwa wa bomba la nusu inchi. Akaupeleka kwenye karakana moja yenye mashine ya kukatia, akaomba waukuze. Wakaukuza. Duara la kukumbatia bomba likatoka sawa kabisa. Lakini tundu la bolti, lililokuwa la milimita 6.6, sasa lilikuwa limepita milimita 10. Washa ya bolti ya M6, yaani bolti yenye unene wa milimita 6, kwa nje ina milimita 12, kwa hiyo ilikuwa inashika ukingo usiofika hata milimita moja kila upande. Ukikaza, inateleza na kuzama.

"Na wewe mwalimu ndiye ulituambia mchoro wa kompyuta ukibadili namba moja, vingine vinajipanga vyenyewe," akasema.

Ni kweli nilisema. Ila sikueleza vya kutosha, na tangu siku hiyo nimegundua kwamba si yeye peke yake. Mafundi, wanafunzi, hata watu wenye viwanda vidogo vya korosho wanaotafuta vipuri, wengi wamesikia habari za "michoro inayojirekebisha" na kila mmoja ameielewa kivyake. Yupo anayedhani ni kukuza picha. Yupo anayedhani kompyuta inabuni yenyewe. Mwingine anadhani kifaa chenyewe, kile cha chuma, ndicho kitakachotanuka na kusinyaa. Hili la mwisho tulitoe njiani mapema.

Mashine ya mkono ya kubangulia korosho ina visu viwili, na nyingine zina skrubu ya kusogeza visu hivyo ili vilingane na ukubwa wa korosho. Hicho ni kifaa kinachorekebishika: skrubu imo ndani ya chuma, na mbanguaji anaizungusha kwa mkono wake. Ninachozungumzia mimi ni mchoro unaorekebishika. Unabadilishwa kabla ya kukata. Chuma kikishakatwa hakijui tena habari ya namba yoyote. Ukitaka saizi nyingine unabadili namba kwenye mchoro na kukata kingine.

Sasa maneno matatu, kwa sababu bila hayo tutazunguka. Kigezo ni kipimo kilichopewa jina na kinachoweza kubadilishwa, kama vile "kipenyo cha bomba". Sharti ni jambo ambalo umbo haliruhusiwi kulivunja: mstari huu uwe wima, matundu haya mawili yalingane, duara hili liguse mstari ule. Na fomula ni hesabu inayofunga kipimo kimoja na kingine, ili cha kwanza kikibadilika cha pili kifuate. Mchoro uliojengwa kwa vitu hivyo vitatu ndio mchoro wa vigezo.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambamo mtu alichora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga na kuiambia kompyuta mistari ipi iwe sambamba au ilingane urefu. Viwanda vilianza kuvitumia vigezo kwa uzito mwaka 1988, ilipotoka programu ya usanifu iitwayo Pro/ENGINEER. Leo programu kama FreeCAD inafanya kazi hiyo bure, kwenye kompyuta ya kawaida, na ukishaipakua huhitaji bando kuitumia.

Lakini ukitaka kuelewa vizuri, achana na kompyuta kwanza. Nenda kwa fundi cherehani.

Mteja mrefu amekuja na kanzu ya mdogo wake, anataka kama hiyo. Fundi hachukui kanzu ile na kuizidisha kila kitu kwa moja na nusu. Akifanya hivyo, kifungo kitakuwa kama kisahani na mfuko utafika gotini. Anajua kuna vipimo vinavyotoka kwa mteja mwenyewe: urefu, kifua, mkono, shingo. Kuna vinavyofuata hivyo: kola inafuata shingo, mahali pa mfuko panafuata mkono unapofikia. Na kuna visivyoguswa hata mteja awe nani: tundu la kifungo linafuata kifungo, na kifungo kinatoka dukani, kitambaa cha kukunjia mshono kinabaki kile kile. Fundi hajawahi kuyaandika haya popote, yamo kichwani. Anayechora kwa vigezo kazi yake ni kuyatoa kichwani na kuyaandika ndani ya mchoro, ili mtu mwingine akibadili kifua asiharibu kifungo.

Klampu zile 14 zilikuwa kanzu iliyozidishwa. Tulikaa na yule kijana tukazipima moja baada ya nyingine, kisha tukaichora upya kwenye FreeCAD. Nitaieleza kwa kirefu, maana humu ndimo kila kitu kilimo.

Swali la kwanza lilikuwa: kipimo gani kinatoka kwa mteja? Ni kipenyo cha nje cha bomba, basi. Swali la pili: vipimo vipi havibadiliki? Bolti ni M6, inanunuliwa dukani, kwa hiyo tundu lake ni milimita 6.6, washa ni 12. Klampu inakunjwa kwa flatibaa, yaani chuma bapa, ya upana wa milimita 25 na unene wa 4, nayo inanunuliwa dukani. Swali la tatu: vipimo vipi vinafuata vingine? Duara la ndani ni kipenyo cha bomba ukiongeza nafasi kidogo, sisi tuliweka 0.4. Na umbali kati ya matundu mawili lazima utoshe ili washa isipande kwenye mkunjo. Kwa hiyo: duara la ndani, ongeza unene mara mbili, ongeza upana wa washa, ongeza milimita moja ya kupumulia kila upande.

Kwa bomba la chuma la nusu inchi, ambalo kwa nje ni milimita 21.3, hesabu inatoa 21.7 jumlisha 8 jumlisha 12 jumlisha 2, yaani 43.7. Kwa bomba la inchi moja, ambalo kwa nje ni 33.7, tunapata 34.1 na 8 na 12 na 2: jumla 56.1. Tundu limebaki 6.6. Flatibaa imebaki ile ile.

Linganisha na walichofanya kule karakana. Kutoka 21.3 kwenda 33.7 ni kuzidisha kwa takriban 1.58. Wakazidisha kila kitu. Matundu yakaachana kwa milimita 69 badala ya 56. Tundu likawa 10.4. Upana wa flatibaa ukatoka 25 ukawa karibu 39.5, saizi ambayo dukani huikuti, ikabidi wakate bati nene na kulipunguza kwa grenda. Gharama ikapanda na klampu haikushika. Hakuna aliyefanya uzembe hapo; waliombwa kukuza, wakakuza. Mchoro haukuwa na njia ya kuwaambia kwamba tundu halihusiani na bomba.

Umeona pia jambo moja nililopita juu yake haraka: bomba la nusu inchi lina milimita 21.3 kwa nje, wakati nusu inchi ni 12.7. Hapa watu wengi huanguka. "Nusu inchi" ni jina la bomba, si kipimo utakachokipata ukiweka vernia, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Bomba la plastiki la kuchomelea ambalo mafundi wetu wanaliita nusu inchi lina milimita 20 kwa nje. La inchi moja lina 32, si 33.7. Jina moja, vipenyo viwili. Halafu njoo kwenye bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam, la inchi 36: hilo ukilipima nje ya chuma ni inchi 36 kweli, milimita 914, kwa sababu kuanzia inchi 14 kwenda juu jina na kipenyo cha nje vinakuwa kitu kimoja. Wauza korosho wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Daraja la W320 maana yake ni takriban kokwa 320 katika ratili moja, yaani gramu 454. Kwa hiyo namba ikikua kokwa inapungua, na W180 ndiyo kubwa. Mtu akija kutengeneza chekeche la kupanga kokwa akaiweka 320 kama kipimo cha ukubwa, atachora kinyume. Ndiyo maana nasisitiza kigezo kiitwe kwa jina linalosema kinapimwa wapi. Sisi hatukuandika "bomba". Tuliandika "kipenyo_nje".

FreeCAD ina jedwali ndani yake, kama lile la mahesabu ya ofisini, na kila kisanduku unaweza kukipa jina. Majina ya Kiswahili yanakubalika bila shida: kipenyo_nje, unene, tundu_bolti, upana_washa. Tulipojaribu kukiita kisanduku kimoja "M6" programu ilikataa, na kijana akadhani imeharibika. Haikuharibika. Kwenye jedwali M6 tayari ni anwani, safu ya M mstari wa 6, kwa hiyo haiwezi kuwa pia jina la kitu kingine. Tukaandika bolti_M6, ikakubali.

Upande wa masharti nitatumia mfano wa Mikindani, kwa kuwa karibu kila mtu hapa ameshasimama pale akaangalia vyombo. Dau lililofungwa kamba moja puani haliendi mbali, lakini upepo ukigeuka nalo linageuka. Funga na nyuma, linatulia. Mchoro nao uko hivyo. Mstari uliochorwa tu unaelea. Ukiushika kwa kipanya unasogea popote. Kila sharti unaloongeza ni kamba. Zikitimia, FreeCAD inageuza mchoro wote kuwa wa kijani, maana yake hakuna kona inayoweza kusogea bila wewe kubadili namba. Na kamba zikizidi? Dau lililokazwa kamba fupi pande zote wakati wa maji kupwa, bamvua likija kujaa, kuna kamba itakatika. Mchoro wenye masharti yanayopingana nao unalalamika hapo hapo kwa rangi na kukuonyesha sharti lipi limezidi. Wanafunzi huogopa sana onyo hilo. Mimi hulipenda, kwa sababu linakuja mchoro ukiwa bado kwenye kioo, kabla flatibaa haijakatwa.

Kuna sehemu moja ngumu zaidi, na hata wazoefu hukwama. Mchoro wa vigezo unajengwa kwa hatua, na programu inazikumbuka kwa mpangilio: kwanza umbo, kisha unene, kisha tundu, kisha kulainisha kona. Ukirudi hatua ya kwanza ukabadili namba, programu inajenga upya zote zilizofuata. Sasa, kama tundu ulilipachika kwa kulipima kutoka ukingo fulani, na mabadiliko yako yameufuta ukingo huo au yameugawa mara mbili, tundu linabaki halijui lilale wapi. Linarukia mahali pengine au linakataa kabisa. FreeCAD ilisumbuliwa na tatizo hili kwa miaka mingi, na toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 limelipunguza sana.

Dawa yake mwashi anaijua tangu zamani. Mwashi mzuri hapimi tofali la kumi kutoka kwa tofali la tisa, maana kosa la kila tofali litaongezeka juu ya lingine. Anapiga kamba kwenye vigingi, kila tofali linapimwa kwa kamba. Kwenye kompyuta kamba yako ni mhimili wa katikati na bapa za msingi, ambazo zipo tangu mchoro ukiwa mtupu na haziondoki. Matundu ya klampu yetu hatukuyapima kutoka ukingoni. Tuliyaweka nusu kushoto na nusu kulia ya mhimili, kwa sharti la ulinganifu. Ndiyo maana bomba linapokua yanaachana sawasawa pande zote mbili, bila mtu kuyagusa.

Ukishayaelewa hayo, uvumi mwingine unaojirudia unajijibu kwa urahisi.

Kwanza hili la kwamba ukipakua faili lolote la printa ya 3D unaweza kubadili vipimo vyake. Mara nyingi faili hilo ni la aina ya STL, na ndani yake hamna tundu wala bomba wala unene. Kuna pembetatu tu, maelfu, zilizoungana kufanya ganda la nje. Ni kanzu iliyokwisha kushonwa. Unaweza kuivaa, kuipanua kwa shida, lakini karatasi ya kukatia hukupewa. Faili la STEP lina nafuu, kwa kuwa linabeba nyuso na vipenyo vya kweli vinavyopimika, ila kwa kawaida halina hatua wala fomula za aliyechora. Unapomwagiza mtu akuchoree kipuri, muombe faili la asili la programu aliyotumia. Ulipie kama lazima. Hilo ndilo utakaloweza kulirekebisha mwakani msimu ukianza na kipuri kimevunjika.

Pili, kwamba siku hizi kuna akili mnemba, kwa hiyo kompyuta inajua yenyewe kipi kifuate kipi. Vigezo tunavyovizungumzia hapa haviwazi. Programu inafuata uliyoandika, neno kwa neno. Kama hukuandika kwamba tundu linafuata bolti, haitakisia.

Tatu, kwamba vigezo vikiwa vingi ndiyo ufundi. Nimeshaletewa mchoro wa puli ambao kila kona ina jina lake, zaidi ya vigezo hamsini, na aliyeuchora alikuwa hakumbuki nusu yake. Klampu yetu ina vitano. Mteja anahusika na kimoja tu.

Lakini lipo jambo ambalo si uvumi, ni hatari halisi, na sikulisema kwa nguvu pale mwanzo nilipomfundisha yule kijana. Umbo kufuata namba haimaanishi uimara umefuata. Chukua chaga ya kitanda. Iweke juu ya mbao mbili za ubavuni, mtu akae katikati, inapinda kidogo. Sasa ongeza urefu wake mara mbili, unene na upana ule ule, mtu yule yule akae katikati: haipindi mara mbili, inapinda mara nane. Kwenye mchoro ni namba moja imebadilika, na picha inapendeza kama ilivyokuwa. Programu haijui habari ya mtu atakayekaa.

Kwa hiyo mchoro ukikamilika, usiridhike na saizi moja uliyoihitaji. Weka saizi ndogo kabisa unayoweza kuifikiria, angalia kama kuna kitu kimegongana. Weka kubwa kabisa. Sisi tulianza na 15, duara likawa dogo lakini kila kitu kikakaa. Tukaweka 32 kwa ajili ya bomba la plastiki, matundu yakaachana 54.4. Tukaweka 60.3, ambalo ni bomba la chuma la inchi mbili, nalo likakubali.

Kisha kijana, kwa kuwa tulikuwa tumezungumza habari za Madimba, akaandika 914 na kubonyeza. Klampu ikachorwa. Matundu yalikuwa mbali kwa milimita 936.4, yote ya kijani, bila onyo hata moja: bomba la gesi limeshikwa kwa flatibaa ya milimita 4 na bolti mbili za M6. Alikitazama kioo kwa muda. Halafu akarudi kwenye jedwali, akaongeza mstari mmoja juu ya kipenyo_nje, akaandika: "Bomba la maji tu, kuanzia 15 mpaka 60.3. Zaidi ya hapo badili unene na bolti kwanza."

Klampu mpya 14 alizikunja mwenyewe siku iliyofuata. Zile za kwanza bado ziko kwangu, ndani ya mfuko wao wa saruji, na sasa kila anayekuja kujifunza nampa moja pamoja na vernia kabla hajagusa kompyuta.